Ukaguzi wa moto kwenye kituo cha nyuklia: nyota 4, na ile ya 5 nawaambia kwa nini nimeibana

Nimefanya kazi miaka 9 upande wa kinga ya moto kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, na sio kama mkaguzi, mi nilikuwa ndo yule anayekaguliwa, anayeshika funguo, anayewafungulia wakaguzi milango na kuwaelekeza ngazi iko wapi. Kituo sikitaji na nchi pia naiacha. Ila naona watu wanaandika rivyu za simu, za mafundi, za kampuni za usafiri, na hii huduma inayolinda watu wengi kuliko hizo zote hamna anayeisemea kitu, si kwa kuisifu wala kwa kuilalamikia. Na ni huduma kama nyingine jamani, kuna watu wanakuja, wanafanya kazi, wanalipwa, Marekani kwa mfano kituo chenyewe ndo kinatumiwa ankara ya masaa ya wakaguzi wa NRC, ile tume ya serikali inayosimamia nyuklia. Kwa hiyo acha nami niseme nilichokiona.

Kwanza niondoe picha ambayo wengi wanayo. Ukimwambia mtu ukaguzi wa moto anawaza mtungi mwekundu ukutani, mkaguzi anageuza kale kakadi kuangalia tarehe, anahesabu milango ya kutokea, anasaini, anaondoka. Hiyo ipo, lakini ni sehemu ndogo tu na wala sio kazi yenyewe. Kwenye kituo cha nyuklia kinachokaguliwa hasa ni waya.

Waya kwa sababu gani? Kwa sababu kinu cha nyuklia ukikizima hakipoi. Ile sekunde kinazimwa mafuta ya urani ndani bado yanatoa kama asilimia 6 au 7 ya joto lililokuwepo, na kituo cha megawati 1,000 za umeme kinatengeneza joto la karibu megawati 3,000, sasa piga hesabu mwenyewe, umezima na bado una kama megawati 200 za joto zinataka pa kwenda. Hata siku nzima ikipita bado kuna nusu asilimia hivi. Kwa hiyo maji lazima yazunguke, pampu zinataka umeme, valvu zinataka umeme, operata kule kontroo rumu anataka mita zinazosema ukweli, na vyote hivyo vinapita kwenye waya. Waliochora kituo wanaweka mfumo zaidi ya mmoja wa kupooza ili huu ukifa ule ushike, vizuri kabisa, lakini kama waya za huu na waya za ule zinapita trei moja, ile sinia ndefu ya chuma inayobeba nyaya, basi moto wa trei moja unaua vyote, na ule wingi wa mifumo unabaki kwenye michoro tu.

Hili halikujulikana kwa kukaa mezani. Lilijulikana kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, Alabama, Marekani, tarehe 22 Machi 1975, mchana tu baada ya saa 6. Mafundi walikuwa wanaziba matundu ya nyaya kwenye ukuta kati ya chumba cha kusambazia nyaya na jengo la kinu, na kujua kama hewa bado inapita walikuwa wanatumia mshumaa, moto wa mshumaa ukiinama basi kuna upenyo. Upande wa pili hewa ilikuwa inavutwa, moto ukavutwa ndani ya tundu ukashika lile povu la kuzibia. Ukawaka karibu masaa 7. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, na 628 kati ya hizo zilikuwa za mifumo ya usalama. Kule kontroo rumu taa zikawa zinawaka na kufifia ovyo, pampu zinajiwasha bila mtu kugusa kitu, na kinu namba 1 kikapoteza mifumo yake yote ya dharura ya kupooza kiini. Wale operata walikiokoa kwa pampu ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo, ikiwemo ile ndogo ya mfumo wa kusukumia fimbo za udhibiti. Mi nikifika hapo huwa nasimama kidogo, kwa sababu wale watu walifanya kazi ya ajabu na majina yao hayajulikani na wengi.

Na kuna mambo mawili ya siku ile ambayo kila mkaguzi mzuri niliyemuona anayajua kichwani. La kwanza, siku mbili kabla yake mshumaa ulishawasha kamoto kadogo palepale, kakazimwa, kazi ikaendelea. La pili, mkuu wa zimamoto wa mji wa Athens, hapohapo Alabama, aliyekuja kusaidia alisema mapema kabisa tumieni maji, wenyewe wakaogopa maji kwenye moto wa umeme, wakahangaika na unga na gesi masaa kibao, na walipokuja kukubali maji moto ukafa haraka.

Mwaka huohuo wa 1975, Desemba, kule Greifswald, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, fundi umeme mmoja alikuwa anamuonyesha mwanafunzi wake namna ya kuruka mzunguko wa umeme, akaleta shoti, nyaya zikaungua, pampu 5 kati ya 6 zikakosa umeme. Ile ya sita ilipona kwa kuwa ilikuwa inakula umeme wa kinu cha jirani. Mwaka mmoja, nchi mbili zisizoelewana kwa lolote, na somo ni lilelile la waya.

Sasa nirudi kwenye huduma. Kanuni za Marekani ndo nitazitolea mfano sababu ziko wazi mtu yeyote anazisoma. Baada ya Browns Ferry, NRC walitoa mwaka 1980 kitu kinaitwa Kiambatisho R, na ndani yake kuna vipimo ambavyo ukishavijua huwezi tena kuingia chumba cha nyaya ukaangalia tu. Kama waya za mifumo miwili ziko eneo moja la moto, yaani sehemu ya jengo iliyozungushiwa kuta za kuzuia moto, basi chagua: ukuta wa kuhimili moto masaa 3 katikati, au umbali wa futi 20, yaani mita 6 na kidogo, bila kitu chochote kinachowaka katikati yake, na juu kuwe na vinasa moshi na vinyunyizio vya otomatiki, au uuvingirishe mfumo mmoja kwa kizuia moto cha saa 1, hapo pia na vinasa moshi na vinyunyizio. Kama yote matatu huwezi, inabidi uonyeshe njia nyingine ya kukizima kinu iliyojitenga kabisa na hilo eneo.

Mkaguzi wa kwanza aliyenifanya niiheshimu hii kazi alikuwa mzee mmoja mpole, haongei sana, alikuja na tepu ya kupimia na tochi. Hakuanza ofisini. Aliniambia "kijana, chagua waya mmoja wa pampu ya kupoozea, tuufuate." Tukaufuata kuanzia kwenye swichigia, yale makabati ya swichi kubwa za umeme, mpaka kwenye pampu, ghorofa kwa ghorofa, masaa manne, kila ukuta tunaopita anataka kuona upande wa huku na upande wa kule, tundu limezibwa na nini, limezibwa lote au limepakwa tu usoni. Mahali pamoja mchoro unasema waya unapinda kushoto, sisi tukaukuta umeenda kulia, umepita mita 2 tu kutoka kwa mwenzake. Mchoro ulikuwa umesainiwa na watu watatu! Aliandika, akaendelea kutembea. Mi usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimepita chini ya hiyo trei mara ngapi sijui, mamia, na macho yangu hayakuwahi kwenda juu.

Hapo ndo natoa nyota ya kwanza na ya pili kwa mkupuo. Kutembea na kufuata waya, hakuna kitu kinachofanana na hicho. Na kwa Marekani kuna utaratibu naupenda sana, kila kituo kina wakaguzi wa serikali wanaokaa palepale, kazi yao ni kuwepo, na mbali na timu kubwa inayokuja kila baada ya miaka kadhaa (kwa muda mrefu ilikuwa kila miaka 3) hawa wakazi wanazunguka maeneo ya moto mwaka mzima. Timu kubwa utaipigia rangi ukuta ikija, mkaguzi mkazi anakujua ukiwa umechoka. Anapita jumanne hana habari na mtu, anakuta mlango wa moto umewekewa kabari ya mbao kwa sababu mafundi wanapitisha mitungi, anakuta matambara yenye mafuta chini ya pampu, jukwaa la mbao limeachwa toka matengenezo ya mwezi uliopita. Vitu vidogovidogo hivyo ndo mafuta ya moto wa kesho.

Nyota ya tatu naitoa kwa kitu ambacho watu wa nje hawakijui kabisa. Kuna maeneo, moto ukiwaka pale, operata inabidi atoke kontroo rumu akafungue valvu kwa mkono, na kwenye karatasi imeandikwa dakika 15, watu wamesaini. Mkaguzi mmoja, dada mmoja makini sana, akasema sawa, tuifanye sasa hivi. Akachukua saa. Operata akatoka, ufunguo wa kabati la vifaa haukuwa mahali pake, dakika 2 zimeenda, akafika mlango ambao siku ya moto ungekuwa na moshi upande wa pili kwa hiyo dada akamwambia huo huna, zunguka, akazunguka, akafika kwenye valvu iko juu, ngazi ya kupandia haipo, na ile taa ya dharura inayotakiwa kuwaka kwa betri masaa 8 ilikuwa inamulika ukuta, sio valvu. Ilikuwa dakika 23. Hakuna aliyegombezwa. Alituonyesha saa, akauliza "mnaona?" Ndani ya wiki mbili ngazi iliwekwa na mnyororo wake, taa zote za njia hiyo zikageuzwa, ufunguo ukahamishwa. Mi naamini kabisa siku ile huyo dada alifanya zaidi ya mitungi yote ya kituo.

Zoezi la usiku sasa. Kikosi cha zimamoto cha ndani, kwa kanuni ileile, kila shifti kiwe na watu wasiopungua 5, kiongozi na angalau wawili wengine wawe wanaijua mifumo ya kinu, wapimwe afya kila mwaka, na mazoezi mengine yaje bila taarifa. Zoezi bila taarifa saa 9 usiku ndo linaonyesha ukweli. Sisi tulikuwa tunajiona wakali, mchana tunavaa na kufika dakika chache tu. Usiku ule mmoja alikuwa amefuga ndevu barakoa ya hewa ikawa haibani usoni, mkaguzi akamtoa hapohapo, tukabaki wanne. Redio zikagoma tulipofika ghorofa ya chini kabisa, saruji nene yote ile, tukawa tunatuma mtu anapanda ngazi kupeleka ujumbe. Mpira wa maji ulifika lakini ulikuwa mfupi kwa kona moja. Niliona aibu, ndio, lakini nashukuru niliona aibu mbele ya mkaguzi mwenye kalamu, sio mbele ya moto. Baadaye tuliwekewa virudia-mawimbi vya redio na kila mtu akawa ananyoa bila kuambiwa.

Nyota ya nne ni ya maswali. Mkaguzi wa kweli haulizi "mna utaratibu?" kwa sababu kila mtu ana utaratibu. Anauliza waya hizi mbili zikiungua insulesheni zikagusana, ni valvu gani itajifungua yenyewe? Na zikigusana nne kwa pamoja? Hilo swali la vitu kujiwasha vyenyewe limesumbua wahandisi miaka mingi sana, mpaka zimechomwa nyaya za kweli maabara kuona zinafanyaje, na jibu likawa ndio, zinagusana, na vitu vinajiwasha. Mkaguzi asiyeliuliza hilo kwangu amekuja kutembea tu.

Kuna sehemu moja naona inapitwa harakaharaka nayo ni jengo la tabaini, ile mashine inayozungushwa na mvuke kuzalisha umeme. Kwenye kaguzi nilizoshuhudia timu ilikuwa inakaa siku nne kwenye majengo ya usalama, kwa tabaini nusu siku, hoja ni kwamba tabaini haipoozi kinu. Lakini angalia moto wenyewe umetokea wapi duniani. Vandellòs, Hispania, tarehe 19 Oktoba 1989, bapa za tabaini zilikatika, haidrojeni na mafuta vikawaka, kile kinu hakikuwashwa tena. Chernobyl kinu namba 2, Oktoba 1991, moto wa tabaini ukaangusha paa, nacho hakikurudi. Na Narora, India, tarehe 31 Machi 1993 alfajiri, bapa mbili zikakatika, mtetemo ukapasua mabomba, haidrojeni ikatoka, moto ukaingia kwenye nyaya, na nyaya za umeme wa kawaida na wa dharura zilikuwa zimekaa pamoja bila kizuizi, kituo kikakaa gizani masaa 17. Watu walipanda kwenye jengo na tochi kwenda kufungua kwa mkono maji ya boroni, yale yanayozuia kinu kisiwake tena, yaingie kwenye kinu. Na kilichopooza mafuta ya urani ni nini? Pampu za dizeli za maji ya zimamoto, ndo zilitumwa kupeleka maji kwenye vichemsha mvuke. Kwa hiyo nikiona mkaguzi anapita pampu ya zimamoto anaangalia rangi tu, natamani nimshike mkono nimrudishe, iwashe, acha izunguke, pima presha, angalia tenki la dizeli lina nini chini yake. Ile pampu siku moja inaweza kuwa ndo kitu cha mwisho kilichobaki.

Mafuta ya kulainishia pia. Pampu kubwa za kuzungushia maji ya kinu zina mafuta mengi ya kulainisha, na chini yake kunatakiwa kuwe na sinia na mabomba ya kukusanya yakivuja yasianguke kwenye chuma cha moto. Hilo wanalikagua vizuri siwezi kulalamika, wanaingia kipindi cha matengenezo wanajipenyeza mpaka chini.

Sasa nyota niliyoibana.

Ukuta ukiwa na tundu halijazibwa sawasawa, au vinyunyizio vimezimwa kwa matengenezo, kanuni zinaruhusu kuweka mlinzi wa moto kama hatua ya muda. Mtu anapita kila saa, anaangalia, ananusa, anasaini. Kwa siku tatu ni sawa kabisa, na mi mwenyewe nimeifanya hiyo kazi. Shida ni pale hatua ya muda inageuka ya kudumu. Pale nilipokuwa kulikuwa na tundu moja kwenye ukuta wa chumba cha betri, povu limepasuka, tumeliandikia ripoti, mlinzi akawekwa, mwezi ukapita, sita zikapita, mwaka. Kila ukaguzi unakuja, timu inauliza, tunaonyesha karatasi ya mlinzi, sahihi zimejaa kila saa usiku na mchana, wanaandika sawa wanaendelea. Halafu usiku mmoja naingia shifti naikuta ile karatasi ya sahihi imejazwa mpaka asubuhi, na ilikuwa bado saa 5 usiku. Mtu alishajisainia masaa yote akakaa zake. Nilimfuata, ni kijana mdogo tu, mkataba wa muda, akaniambia "kaka, mwaka mzima napita hapa hakuna kitu, na hakuna mtu anaangalia." Nililiripoti ilivyotakiwa. Alihamishwa, karatasi mpya ikaanza, na tundu likabaki tundu, likaja kuzibwa mwezi wa 14. Kuliziba kulichukua mafundi wawili na asubuhi moja.

Asubuhi moja! Wakubwa walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa na ufa halisi kwenye ukuta halisi na tukachagua kuupangia mtu wa kuuangalia. Hapa siwalaumu wakaguzi peke yao, uongozi wa kituo ndo wenye ukuta. Lakini ukaguzi unaokubali sahihi kama uthibitisho kwamba mtu alipita, bila hata siku moja kuja saa 8 usiku kusimama pale kuona kama anapita kweli, hapo umekagua wino. Na mifumo ya milango ya kadi ipo, unalinganisha tu saa ya kwenye karatasi na saa ya mlango, kazi ya nusu saa. Timu nne zilipita mikononi mwangu, iliyofanya hivyo ni moja.

Na hili la kuamini karatasi sio la kituo chetu tu. Marekani kulikuwa na kitu cha kuvingirishia nyaya kinaitwa Thermo-Lag, kimefungwa vituo vingi sana, cheti kinasema saa 1, kinasema masaa 3, wakaguzi wanapita wanaona kimefungwa vizuri wanaandika sawa. Kuja kukichoma kwenye majaribio, ya mwaka 1989 yaliyofanywa kwa ajili ya kituo cha River Bend yakafeli, na 1992 NRC wenyewe ndo wakatoa taarifa kali kwa vituo. Yaani kwa miaka watu walikuwa wanakagua kufungwa kwa kitu ambacho chenyewe hakihimili kilichoandikwa. Baada ya hapo ikachukua miaka mingine mingi kubadilisha na kuongezea. Mi hilo linaniuma kuliko yote kwa sababu fundi aliyekifunga alifanya kazi yake vizuri, mkaguzi aliyekitazama pia, na bado waya hazikuwa salama.

Matokeo ya ukaguzi yanavyotolewa nayo niseme kidogo. Toka mwaka 2000 NRC wanatumia rangi, kijani kwa hatari ndogo kabisa, halafu nyeupe, njano, mpaka nyekundu kwa kubwa kabisa, na yote yanawekwa wazi. Nalipenda hilo, mwananchi wa kawaida anaelewa. Fort Calhoun, Nebraska, Juni 2011 swichigia iliwaka, wakapoteza upoozaji wa dimbwi la mafuta ya urani yaliyotumika kwa saa 1 na nusu hivi, wakapewa nyekundu, na nyekundu haifichiki. Ila matokeo ya kijani ni mengi sana na kijani inawafanya mameneja walale. Robinson, South Carolina, Machi 2010, kebo ilifeli ikawaka, na baadaye operata walipojaribu kurudisha mfumo wakasababisha moto wa pili siku ileile. Kabla ya siku kama hiyo vitu vyote vinaonekana vya kijani.

Kuna pia njia mpya, toka 2004 kituo kinaruhusiwa kuacha vipimo vya futi na masaa na kutumia hesabu za hatari, kile kiwango kinaitwa NFPA 805, cha chama cha Marekani cha kinga ya moto. Vituo vingi wamekwenda huko. Kwa kweli ina faida, inakulazimisha kujua chumba gani hasa kikiungua kinakuua, na vituo vingine vilikuja kugundua chumba walichokuwa hawakijali ndo hatari kuliko vyote. Lakini kwa anayekagua ni ngumu zaidi, futi 20 unapima kwa tepu, hesabu ya hatari unaipima na nini? Unahitaji mkaguzi anayejua moto na anayejua hesabu, na hao wawili mara nyingi ni watu tofauti. Ukipata timu yenye wote wawili utaifaidi sana.

Kwa mnaokaguliwa, wenzangu, kama mnasoma: msiwapeleke ofisini kwanza. Msiwapikie mafaili. Wapelekeni chumba cha nyaya wakiwa bado na nguvu, siku ya kwanza asubuhi, na muwaonyeshe lile tundu mnalolionea aibu kabla hawajaliona. Mi nilianza kufanya hivyo mwaka wa 6 na timu ikabadilika kabisa, badala ya kuvizia wakawa wanashirikiana, mkaguzi mmoja akatoa kalamu akatuchorea namna walivyoziba tundu kama lile sehemu nyingine. Na mkiwa na shifti ya usiku mpeni mkaguzi kofia na kiatu aende nao. Atajifunza zaidi masaa mawili pale kuliko siku tatu za mikutano.

Kwa hiyo ni nyota 4. Siku wakianza kuja saa 8 usiku kusimama kwenye tundu na kusubiri mlinzi wa moto apite, nitarudi hapa niongeze ya 5.